Anajituma au Anatumikishwa?

Katika vijiji vya Ngara vinavyopakana na Burundi, kijana aliyevuka kuja kulima husifiwa kwa neno moja: "Huyu anajituma." Sifa hiyo hutolewa kwa moyo safi kabisa. Mwenye shamba atakueleza jinsi kijana wake anavyotoka na jembe kabla jua halijachomoza, jinsi anavyomaliza ngwe mbili za palizi wakati wengine wanahangaika na moja, na jinsi jioni anavyopasua kuni na kuteka maji bila kuambiwa mara ya pili. Muulize sasa kijana huyo analipwa kiasi gani, na lini. Hapo sauti hushuka. Anakula hapa, utaambiwa. Analala hapa. Tutahesabiana msimu ukiisha.

Neno hilo "kujituma" limetoka katika kitenzi "tuma", na maana yake ni nzuri: mtu amejiagiza mwenyewe, hakungoja kusukumwa. Lakini "tuma" hiyohiyo imezaa pia "tumika", na "tumika" ikazaa "tumikisha", yaani kumfanyisha mtu kazi kupita kiasi, au bila hiari yake, kwa faida ya anayemfanyisha. Ukipita barabara ya Nyakanazi kwenda Rusumo na kuwaona watu wawili shambani, mmoja anajituma na mwingine anatumikishwa, hutaweza kuwatofautisha. Wote wameinama, wote wanatoka jasho, na pengine wote wanaimba. Ili uwatofautishe itabidi uulize mambo ambayo jembe haliyaonyeshi. Nani amemtuma? Ana uwezo wa kusema leo basi? Akiondoka kesho, ataondoka na ujira wake?

Ninachosema ni kwamba huku kwetu, Ngara na Biharamulo, tumezoea kuita kujituma kile ambacho ni kutumikishwa, na mazoea hayo si kosa dogo la ulimi. Yanamficha mtendaji. Jambo likishakosa mtendaji, hakuna wa kuulizwa.

Yatazame maneno mengine tunayotumia kwa kazi inayozidi nguvu za mtu. Amemenyeka. Amesulubika. Amehenyeka. Ametaabika. Yote yako katika kauli ya kutendeka, kauli ileile tunayotumia tukisema kikombe kimevunjika au kamba imekatika: jambo limetokea, aliyelifanya hatajwi. Ukisema "yule mama amemenyeka sana na wanawe", msikilizaji atamhurumia mama, na huruma itaishia hapo. Mtu wa Kagera ndiye angepaswa kulistukia neno hili kabla ya wengine, kwa kuwa kumenya ni kazi ya kila siku jikoni kwake. Mtu aliyemenyeka ni kama ndizi iliyotolewa ganda, na hakuna ndizi iliyowahi kujimenya.

Kauli ya kumtaja mtendaji tunayo. Kuna kusulubisha, lakini hilo limekaa sana kanisani, kwenye Ijumaa Kuu, na wengi huona ni kufuru kulishusha mpaka shambani. Kuna kuhenyesha, ambalo ni la vijana na husemwa nusu ya utani. Limebaki kutumikisha, ambalo nalo tumelihamishia kwenye semina, redio na mabango ya mashirika: utumikishwaji wa watoto, utumikishwaji wa wahamiaji. Hapo linazungumza habari za watu wa mbali. Sijamsikia mtu akikaa barazani kwake na kusema "mimi nilimtumikisha fulani". Husema alimsaidia kwa kumpa kibarua.

Ukanda huu una sababu nyingi kuliko sehemu nyingine za kuwa makini na maneno ya kazi, kwa sababu neno "kazi" lenyewe limepita hapa likiwa na fimbo. Chini ya Wabelgiji, Wanyarwanda waliokota neno letu la Kiswahili, wakalitamka "akazi", na wakalitumia kwa ile kazi ya lazima ya wakoloni: kuchimba barabara, kubeba mizigo, kupanda miti, kulima mazao yaliyoamriwa, tena kwa zamu ambazo familia haikuzichagua. Neno "kiboko" nalo lilivuka likawa "ikiboko". Kwa majirani zetu, wengi walijifunza Kiswahili cha aina hiyo kwanza, kazi na kiboko, kabla ya kukijua Kiswahili cha soko au cha mashairi. Leo akazi ni kazi yoyote, ya ofisini au ya shambani, na kijana wa Kigali anaitafuta kwa hamu. Lakini wazee walioikimbia akazi walikimbilia wapi? Wengi walikwenda Uganda, na wengine walipita au walibaki katika nchi hizi za mpakani. Baadhi ya wajukuu wao wana mashamba huku leo.

Waliokwenda Uganda walibeba neno jingine la kwetu. Kiswahili kina "pagaa", kubeba mzigo begani, na "mpagazi", mtu wa misafara. Kule Buganda, katika mashamba ya pamba na kahawa, kibarua aliitwa "omupakasi", na kufanya kazi za kulipwa kukaitwa "okupakasa". Wanyarwanda wakasema "gupagasa". Kabla ya Uhuru watu wa Bugufi, sehemu ya Ngara ambayo Waingereza waliitoa Urundi na kuiweka Tanganyika, walifuata njia hizohizo za kaskazini pamoja na ndugu zao wa ng'ambo. Mtafiti Audrey Richards na wenzake walitoa kitabu mwaka 1954 kuhusu wahamiaji hawa wa Buganda, na ukikisoma unaona jambo la kuumiza: mtu aliyefika bila ardhi na bila ndugu alianzia chini kabisa, akalala pabaya na kula vibaya ili fedha imbakie, huku wenyeji wakimdharau kwa jina lilelile la kazi aliyowafanyia. Babu zetu waliitwa wapakasi kwa midomo iliyobetuliwa. Sisi tukiwa wenye shamba tunasema "Warundi wangu".

Upagazi wenyewe mara nyingi haukuwa ajira ya kuchagua. Kodi ya kibanda iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1897 iliwalazimisha watu kutafuta fedha mahali ambapo fedha haikuwapo, na asiyekuwa nayo aliilipa kwa mwili. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo Juni 1916, yakaendelea kusini mpaka kuiteka Tabora mwezi Septemba, na kila hatua ya safari hiyo ilikuwa juu ya mabega ya watu waliokamatwa vijijini kubeba risasi na vyakula. Upande wa Waingereza ilikuwa vilevile, na Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutoka kikosi cha wapagazi hao. Boma la Wajerumani pale Biharamulo bado limesimama, na wageni hulipiga picha. Ningependa anayelipiga picha aambiwe pia habari za mabega.

Kitenzi hicho hakikufa. Tunasema mtu "amepagawa" akiingiwa na pepo, yaani amebebeshwa kitu ambacho hawezi kukitua kwa hiari yake. Naliona neno hilo kuwa la kweli zaidi kuliko "anajituma" kwa mtu ambaye mwajiri wake anashikilia ujira wa miezi minne.

Mwaka 1994 mambo yaligeuka kwa kasi ambayo Ngara haikuwahi kuiona. Mwishoni mwa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Tunakumbuka miti iliyokatwa, maji yaliyokauka, malori ya misaada. Hatusemi sana habari za mashamba. Wakimbizi walikuwa na njaa ya fedha, chumvi na ndizi, na wakulima wengi wa Ngara walipanua mashamba miaka ile kwa sababu nguvu ya mtu ilikuwa rahisi kuliko wakati wowote. Wapo waliowalipa vizuri na kuwaita kwenye meza zao. Wapo waliowalimisha kwa sahani ya maharage. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, lakini desturi ya kuona kwamba mgeni ni jembe la bei nafuu ilibaki, na Warundi waliofuata waliikuta.

Nitajibiwa kwamba kijana wa Muyinga au Kirundo anakuja kwa miguu yake, hakufungwa kamba. Ni kweli. Kwao ardhi ni finyu mno, na ujira ambao kijana wa Ngara anaukataa unaweza kununua bati la nyumba upande wa pili. Hoja hii ina uzito na siidharau, na ni wazi kwamba wengi wa vijana hawa wanajituma kwelikweli siku ya kuvuka. Walijituma wakaja. Lakini hiari ya Jumatatu haitoshi kuhalalisha kinachofanyika mwezi wa tano. Kutumikishwa kunaanza pale ambapo ile "nimekuja mwenyewe" haiwezi tena kugeuka kuwa "naondoka mwenyewe".

Kinachoifunga njia ya kuondoka ni hofu. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji walioingia kinyume cha sheria. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na mikoa hii ilikuwa imechoshwa na ujambazi wa silaha. Lakini watu wa mpakani wanalijua jambo lisilosemwa kwenye mikutano ya hadhara: mwajiri asiyetaka kulipa anaweza kuitumia hofu ya Uhamiaji kama ufunguo. Mahindi yakishaingia ghalani, neno moja linatosha. Kijana anayemdai ujira anageuka mhamiaji haramu siku ileile anayodai, ingawa miezi yote aliyolima alikuwa "mtu wetu". Huko Biharamulo wachungaji wa ng'ombe wana hadithi inayofanana na hiyo, ya ndama aliyeahidiwa mwisho wa mwaka ambaye kila mwaka ukiisha anakuwa amekufa au bado hajazaliwa.

Sheria ziko wazi. Katiba yetu, katika ibara ya 25, inamwekea kila mtu wajibu wa kufanya kazi halali, na papo hapo inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Inataka ujira ulipwe kwa siku iliyokubaliwa. Haisemi kwamba shamba la migomba limesamehewa. Haisemi kwamba chakula na godoro vinafuta ujira. Ila Afisa Kazi na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wako mbali na kijiji, na kwa mtu asiye na kibali cha ukaazi, kwenda kulalamika ni kujikamatisha. Kwa hiyo sheria inalindwa na mtu mmoja tu, yule mwenye shamba, pamoja na lugha yake.

Nisiwazungumzie wageni peke yao, kana kwamba ndani ya nyumba zetu kitenzi hiki hakiingii.

Kahawa ya Kagera hupandwa, hupaliliwa, huchumwa na kuanikwa kwa mikono ya wanawake kwa sehemu kubwa, na huuzwa kwa jina la mwanamume. Tunasema mke "anamsaidia" mumewe shambani. Anayesaidia ni nani, na mwenye kazi ni nani, ukihesabu saa? Mama anaamka kuwasha moto, anakwenda kwenye maharage, anarudi kumenya ndizi, anaingia kwenye kahawa, anateka maji, analala wa mwisho. Na bado mkoa wetu una "butura", ile desturi ya kuiuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupwa, kwa sababu ya deni au pombe. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara na haijafa. Mara nyingi anayeiuza ni baba, kwa siri. Mama anaendelea kuchuma, kwa uangalifu, akichagua nyekundu na kuacha mbichi, kahawa ambayo tayari ni ya mtu mwingine na fedha yake imekwisha kuliwa. Anaweza kuifanya kazi hiyo msimu mzima kabla ya kujua. Kijiji kizima kitamsifu kwamba ni mama anayejituma. Nashindwa kupata mfano wa wazi zaidi wa kutumikishwa huku mtu akiamini anajituma mwenyewe, na aliyemtumikisha analala naye kitanda kimoja.

Kwa watoto ni lazima tuwe waangalifu, kwa sababu hapa neno limetumiwa vibaya kwa upande wa pili pia. Mtoto anayechunga mbuzi jioni, anayeokota kahawa na bibi yake Jumamosi, anayemenya ndizi huku akisikiliza hadithi, anafundishwa kuishi. Wataalamu wanaokuja na fomu na kuyaweka yote hayo katika kapu moja la utumikishwaji wanawafanya wazazi walichukie neno lenyewe, kisha hawalisikii hata linapostahili. Sheria yetu ina busara zaidi: chini ya miaka 14 hakuna kuajiriwa, kuanzia 14 ni kazi nyepesi isiyomzuia kusoma, na mpaka 18 haruhusiwi kazi za hatari kama za migodini. Mwanafunzi anayetumwa kuteka maji ya mwalimu saa za masomo ameshavuka mstari. Binti wa miaka 13 aliyepelekwa Mwanza "kukaa na shangazi", ambaye anaamka wa kwanza na kulea watoto wa shangazi bila shule na bila mshahara, ameuvuka mbali sana.

Na dhahabu. Biharamulo ina historia ya mgodi wa Tulawaka, uliofunguliwa na Barrick mwaka 2005 na kuingia mikononi mwa Shirika la Madini la Taifa mwaka 2013, ambako wafanyakazi walikuwa na mikataba na zamu zinazojulikana. Machimbo madogo ya ukanda huu ni dunia nyingine. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 iliwaonyesha watoto katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya wakishuka mashimoni, wakiponda mawe na kushika zebaki kwa mikono mitupu. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hulipa kwa mgawo wa mawe, na mawe yasipokuwa na kitu hakuna deni. Miezi ya kuchimba bila mgawo huitwa bahati mbaya. Hapo napo jambo limekosa mtendaji.

Nchi yetu imejengwa kwa kuisifu kazi. Tulipata uhuru tukisema "Uhuru na Kazi". Mwaka 1983 tukawa na sheria ya Nguvu Kazi, na watu walikamatwa mijini kwa kuonekana hawana shughuli. Mwaka 2015 John Magufuli, aliyekuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki kabla Chato haijawa jimbo lenye jina hilo, aliingia Ikulu na "Hapa Kazi Tu", na watu wengi, nami nikiwamo, walifurahi kusikia uvivu ukikemewa. Lakini angalia: kaulimbiu zote hizo zina nomino, hazina kitenzi. Hazisemi nani anafanya, kwa ajili ya nani, kwa saa ngapi. Kazi isiyonyambulishwa inaweza kubebeshwa mtu yeyote. Ndiyo maana nang'ang'ania kitenzi.

Ninalotaka si kubwa. Ofisi ya mtendaji wa kijiji huwa na daftari la wageni, na mgeni anayekuja kulima huandikishwa, au anatakiwa kuandikishwa, jina na atokako. Ziongezwe safu nne katika daftari hilohilo: kazi aliyopatana na mwenye shamba, ujira, siku ya kulipwa, na sahihi au dole gumba la wote wawili. Asomewe kwa Kirundi kabla ya kutia dole. Ngara hakukosekani wa kumsomea, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Siku ya malipo ikipita, mtendaji awaite wote wawili, na deni lisikilizwe kwanza, suala la kibali baadaye. Uhamiaji wakikubali utaratibu huo, mwenye shamba anayelipa hana cha kupoteza, na majirani wataanza kumjua asiyelipa kwa jina lake. Kwa kahawa, chama cha msingi cha ushirika kiandike majina mawili, la mume na la mke, kwenye kila kadi ya mwanachama, na fedha isitoke bila wote kujua. Haya yanaweza kuanza msimu ujao bila kusubiri Dodoma, na kijiji cha kwanza kufanya hivyo nitakwenda kukiandika, safu kwa safu, pamoja na waliolipwa na ambao bado wanadai.